Sungura Mwenye Jina Langu

Niinueni kidogo, mniwekee mto wa pili mgongoni, siyo huo mgumu, huo mwingine. Na wewe Hidaya acha kunipepea kwa nguvu kama mtu anayechochea mkaa, mimi bado sijawa mahindi ya kuchoma. Kaeni. Rehani mwanangu, toka hapo mlangoni, mlangoni wanasimama watu wanaotaka kuondoka. Njoo ukae kitako mkekani, mahali nitakapokuona uso. Asia, mjukuu wangu, mke mwenzangu wa utani, wewe baki hapohapo miguuni pangu, na kama hutaki kumtazama mjomba wako basi nitazame mimi, maana mimi sitatazamika kwa muda mrefu. Tomasi nimemwita mwenyewe, msimtolee macho. Yeye ni Mnyamwezi, mtani wetu, na neno ninalotaka kulisema leo halikamiliki bila mtani kulisikia. Sikilizeni basi, wanangu, na msinikatize, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo nimeipima: inatosha maneno, haitoshi mabishano.

Najua mliyoambiana huko uani. Daktari amesema moyo wangu umechoka, nami nasema ni haki yake, umefanya kazi siku zote hizi bila likizo. Nimekula chumvi nyingi. Nimemzika mume mwema, nimecheza ngoma kwenye harusi zenu zote, na ile ya Hidaya nilicheza mpaka kanga ikanivuka, watu wa Ngerengere hadi leo wanaisimulia. Sina kinyongo na kifo. Atakayelia kwa kuwa atanikumbuka, alie, machozi ni rehema. Lakini atakayelia ili majirani wamsikie, namwambia mapema kwamba hata mimi nitamsikia.

Tuanze na mepesi. Nyumba hii ya Bigwa, pamoja na kiwanja chake mpaka kwenye mtaro, aliijenga marehemu baba yenu, nayo igawiwe kwa sheria ya dini. Shehe Abdulswamad nimeshazungumza naye, atampangia kila mtu fungu lake, na atakachosema msikigeuze. Cherehani ni ya Hidaya, ingawa kushona hajui, huenda aibu ikamfundisha. Kanga zangu wagawane wanawake wa mtaa walioniogesha niliposhindwa kusimama. Na ule mfenesi wa mpakani, ambao mimi na mama Agnes tumeugombania tangu mtaa huu ukiwa kichaka, nimemwachia. Juzi alikuja kunitazama akaniletea fenesi, akaniambia, "Nimekuletea la kwako," nikacheka mpaka nikakohoa. Yamekwisha yale, msiyafufue.

Sasa lile zito. Shamba la Kinole si langu, wala halikuwa la baba yenu, na shehe hana la kusema juu yake, mwenyewe analijua hilo. Kwetu Uluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Lile shamba ni la lukolo, ukoo wetu wa kikeni. Alilima bibi yangu, akaja mama yangu, nikaja mimi, na baada yangu lingekuwa la Hidaya, lakini Hidaya kasema mwenyewe mbele ya wazee kwamba biashara yake iko Ngerengere na magoti yake hayapandi tena mlima. Basi ni la Asia, binti yake. Wanao wewe, Rehani, nawapenda kama roho yangu, nao wana shamba lao kwa mama yao kule Matombo. Wewe umekuwa mlinzi. Umepalilia mikarafuu, umefukuza nyani, umepanda mdalasini mahali palipokuwa magugu matupu, tena ukitoka Dakawa kwenye mpunga wako na miguu bado ina tope, na hakuna aliyekwambia asante kwa sauti. Mimi nakwambia leo, asante baba.

Lakini mlinzi hukabidhi. Na katika nyumba ya bibi yangu, mjomba ndiye anayemtilia mpwa wake udongo wa shamba mikononi, mtani akishuhudia. Mama hawezi kumfanyia, bibi hawezi, na mpwa hawezi kujichotea mwenyewe. Asipoupokea kutoka kwa mjomba wake, shamba linahesabika halina mtu, na wale watoto wa binamu zangu huko juu wameshaanza kupitapita mpakani wakitazama chini kama waliodondosha sindano. Tomasi umewaona mwenyewe. Mnajua ile mithali ya ndugu wakigombana chukua jembe ukalime? Wenzenu jembe wanalo mkononi.

Maana huyu mpwa na mjomba huyu hawasemezani. Haya, hawagombani, hawatukanani, ni watu wa adabu wote wawili, na hiyo adabu yao ndiyo inayoniua kabla ya moyo. Tangu mwaka jana Asia hampi mjomba wake shikamoo. Anampa "habari za saa hizi", kama anavyomsalimia mtu wa kukusanya ushuru. Mjomba aliyemfundisha baiskeli kwenye barabara hii hapa nje, akimkimbilia nyuma ameshika kiti mpaka ndala ikakatika. Naye mjomba, mtu mzima mwenye mvi, anaitikia "nzuri" na kugeuka, halafu anakuja kwangu jikoni ananuna kama mtoto aliyenyimwa ukoko. Asia nyumbani kwa Rehani haonji hata maji. Na kisa ni nini? Kisa ni sungura. Usicheke, Tomasi. Haya, cheka kidogo.

Wote mnajua mimi nimefuga sungura tangu Hidaya akiwa mgongoni. Nimewauza, nimewapika, nimewasomeshea ninyi, na mchuzi wangu wa sungura kwa nazi umeozesha watu hapa mtaani. Kwa hiyo asije mtu akasema Bibi Raya uzeeni aliingiwa na huruma za kwenye simu. Sikuwapa majina. Niliwaita "wale", nikawalisha majani ya viazi na maganda ya ndizi, nikawatandikia vizuri, na siku ikifika niliingia bandani mwenyewe. Lakini Asia, aliporudi kuishi na mimi na kuanza kufundisha watoto wa chekechea, alimchagua mmoja, yule jike mweusi mwenye sikio moja jeupe, akaniomba. Nikampa. Akamwita Raya.

Jina langu. Bibi na mjukuu ni watani, anaruhusiwa, na mimi nikaona fahari, nikasema angalau mmoja katika nyumba hii mwenye jina langu ana meno yote. Yule sungura akawa mtu wa nyumbani. Ukisema "Raya" alikuja mbio kutoka uvunguni, akasimama kwa miguu ya nyuma akakunusa kidole. Ukimwita yeye nilikuwa naitikia mimi, ukiniita mimi anakuja yeye, na usiku wa baridi ya mwezi wa saba alilala kwenye miguu yangu hii ambayo sasa Asia ameishika. Alikuwa na joto kuliko blanketi la Rehani la Dakawa. Sikusimangi, mwanangu, nasema tu.

Ikafika siku ile. Rehani hakuwa na nia mbaya, nataka hilo lieleweke kabla sijamchana. Wazee wa lukolo walishuka kutoka Kinole bila taarifa, ndivyo walivyo, walikuja kwa jambo hilihili la kukabidhi shamba, na wakafikia hapa. Kuku walikuwa wamekwisha kwa kideri, tulizika hata mitetea. Mimi nilikuwa kliniki, Asia yuko shuleni kwake. Wageni wanne wako mkekani wanatazama jikoni. Mwanangu akaingia bandani. Sasa Rehani mpunga anaujua, sungura hawajui. Kila alipoinama walimkimbia, huyu pembeni, huyu juu ya mwenzake, wazee wanaanza kukohoa. Akatoka nje akasimama uani. Akaita, "Raya." Na Raya akatoka uvunguni mwa kitanda changu mbio, akamjia, akasimama kwa miguu ya nyuma amnuse kidole.

Alimchinja vizuri. Kisu kikali, bismillahi, kibla. Hilo nalo lieleweke.

Asia alirudi ana njaa, akapakuliwa, akala. Akala, mke mwenzangu, tena ukasifu mchuzi, ukasema leo nani kapika, kapatia. Halafu ukaenda uvunguni na jani lako la kiazi. Tukakusikia unaita. Mimi ndiyo nilikuwa naingia getini, nikaitikia, nikijua unaniita mimi. Ukatoka ukatazama sahani, ukatazama nyuso, na hapo, Rehani mwanangu, hapo ndipo ulipojikwaa. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wazee wanakutazama, umeingia aibu, ukaona uifunike kwa mzaha. Ukasema, "Sasa unamlilia nani, na wewe umeshamla?" Na ukacheka. Wageni wakacheka.

Asia alitoka. Shamba halikukabidhiwa siku ile, wazee walipanda mlima kesho yake na shibe yao, na tangu hapo ndiyo tunaishi kwa habari za saa hizi.

Na Tomasi huyu, mtani asiye na huruma, kabla jua halijazama alikwishasambaza mpaka sokoni kwamba Rehani wa Bigwa kamla mama yake kwa nazi. Watu wakawa wananisimamisha njiani wakinishika mkono kuhakikisha. Mwenye genge akaniuliza nilikuwa mgumu au laini. Nikamwambia, kwa umri wangu, nilihitaji kuchemshwa mara mbili. Nimecheka sana kwa jambo lile, wanangu, siwafichi, na bado nacheka. Lakini nililia pia. Nililia jikoni, kwa sababu miguu yangu ilikuwa na baridi na nilijua kwa nini.

Basi kwa kuwa aliyeliwa ni mimi, nadhani nina haki ya kuhukumu kuliko wote mliomo humu.

Mmekuja kwangu kila mmoja kwa zamu yake. Rehani ukaniambia, mama, mnyama ni mnyama, Mungu kahalalisha, tangu lini Mluguru akamlilia sungura? Ukasema huyo Asia mbona anakula kuku? Hapo umesema kweli. Asia, wewe na mapaja ya kuku wa pale kwa muuza chipsi ni marafiki wa damu, usiinamishe kichwa, harufu ya kachumbari tunaisikia ukipita. Ukaniambia, bibi, kuku yule simjui. Nikakuuliza, kwa hiyo dhambi ni kujuana? Nikabaki nalo swali hilo kitandani kama mchanga ndani ya shuka. Mwaka mzima nimelifikiria. Watu wanadhani mgonjwa anawaza kaburi. Mimi nawaza sungura.

Nikamkumbuka Eufrazia, yule jirani wetu wa zamani aliyetoka Njombe. Alifuga simbilisi jikoni kwake, wadogo kama maandazi, wanapiga miluzi akiingia, nanyi mkiwa watoto mlikuwa mkienda kuwabeba na kuwavalisha vitambaa. Kwao ni kitoweo. Siku mliyogundua kinachokuwa ndani ya sufuria mlikuja mkikimbia kama mmeona chui, na wiki ileile Eufrazia aliona sungura wangu kwenye sufuria yangu akashika mdomo, akasema, dada Raya, wenye masikio mazuri namna ile? Tulitazamana tukacheka, kila mmoja akamwona mwenzake katili. Nikajua hapo kwamba huruma ya mtu inafuata desturi ya kwao, haifuati mnyama. Paka mimi simli hata nikipewa na dhahabu, lakini sitasema Mungu aliniambia. Najua tu kwamba paka na mimi tumekaa jikoni moja.

Nikasema basi, yawezekana ni jina. Ukimpa jina usimle. Likawa zuri sana hilo, nikalilalia siku kadhaa nikiona nimekuwa mwanachuoni. Halafu akaja Elia, yule Mmasai wa Mvomero anayetuletea maziwa, nikamuuliza. Elia ng'ombe wake wote wana majina, anawaita mmoja mmoja kama mwalimu anayeita mahudhurio, na wanamjia. Nikamwambia, Elia, na mkitaka nyama? Akasema, tunachinja, mama, tutakula nini? Nikamwambia, unamwita kwa jina anakuja, halafu unamchinja? Akanitazama kama nimemtukana. Akasema, "Hapana. Siku hiyo simwiti. Siku hiyo namfuata mwenyewe alipo."

Mmesikia? Nilikaa na neno lile mpaka chai ikapoa. Nikajikumbuka mimi mwenyewe miaka yote bandani, jinsi ninavyoinama, ninavyochafuka, wananikimbia na mimi nawafuata, na sikuwahi hata siku moja kujifanya naleta majani. Sikufundishwa, niliona tu ndiyo haki. Mnyama ana haki ya kukukimbia. Kula utamla, Mungu amekuruhusu, lakini usimle kwa mlango wa urafiki. Ukishamfundisha kiumbe kwamba sauti yako ni ya heri, sauti hiyo umeifunga, huwezi kuitumia kama mtego. Halali ni mlango uliofunguliwa, ndiyo, ila kuna milango iliyo wazi na mtu mwenye haya hapiti.

Kwa hiyo, Asia, sikiliza hukumu ya bibi yako. Mjomba wako hakukosa kwa kula sungura, na ukitaka nimlaumu kwa hilo itabidi uanze na mimi na masufuria yangu yote, halafu tumalizie na wewe na chipsi zako. Na wewe, Rehani, sikiliza. Hukukosa kwa kuchinja. Ulikosa kwa kuita. Na ukakosa tena kwa kucheka, kwa sababu mtoto huyu naye alikuwa amezoea kwamba sauti yako ni ya heri, tangu siku za baiskeli, na siku ile mbele ya wageni ukaitumia kumuumiza. Hiyo ndiyo iliyomtoa machozi, mwanangu. Sungura alikuwa wa juu juu tu, kidonda chenyewe ni hicho.

Hidaya nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Sitaki kusikia "samahani". Neno hilo siku hizi watu wanalitupa barabarani wakikanyagana. Rehani, nataka utaje ulichofanya. Usitaje ulichokula, wala kideri, wala wageni. Mtazame mpwa wako useme. Tunakungoja. Mimi naweza kungoja, sina pengine pa kwenda leo.

... Rudia, kwa sauti.

Haya. Mmesikia wote, Tomasi shahidi. Amesema, "Nilimwita, akaja, nikamkamata. Na nilikucheka." Mjomba kusema hivyo mbele ya mpwa wake si jambo dogo, Asia; kwetu mjomba hajishushi, afadhali abebe gunia mpaka Kinole. Mwone anavyojifuta na shati. Nimemzaa mimi, na sijamwona analia tangu timu yake iliposhushwa daraja.

Shikamoo sikudai kwa niaba yake, itakuja yenyewe ikitaka. Ila una la kumuuliza, nakuona midomo inacheza. Muulize, mwanangu. Ukubwa wa shamba unaanzia kwenye kuuliza.

Mh. Umeuliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Anasema, "Mjomba, wageni wakija Kinole, na hakuna kitoweo, utafanyaje?" Mjibu, Rehani. Mimi usinitazame, mimi sitakuwepo Kinole.

Amejibu, "Nitakuuliza wewe, mwenye shamba."

Hidaya, vuta lile bakuli la bati hapo uvunguni, lililofunikwa kanga. Polepole. Huo ni udongo wa chini ya mikarafuu, Hidaya aliufuata mwenyewe kwa magoti yake hayohayo, tangu juzi umekaa hapa chini ukinisikiliza ninavyokoroma. Rehani, chota. Chota mkono mzima, usibane kama unapimia mtu sukari. Tomasi, funga mdomo wako, fungua macho, kazi yako ndiyo hii. Asia, mama yangu, mke mwenzangu, mwenye shamba, kinga mikono.

Mikono miwili.

Usiogope kuchafua shuka. Mkekani nako umwagike, haidhuru. Eh. Umepokea. Nimeona mimi, kaona mtani, wale wanaotafuta sindano mpakani waambiwe sindano imepatikana.

Sasa niwaagize haraka haraka, maana naona dari linaninyemelea. Sungura wa bandani ni wa Rehani, awale, awauze, lakini ajifunze kuinama. Yule mdogo wa kijivu, ambaye Asia anadhani sijui amempa jina, ni wa Asia, apande naye Kinole. Na siku moja mtakuja kuulizana tena, huyu wa kuliwa, huyu si wa kuliwa. Hamtakubaliana, watu hawajawahi kukubaliana. Kulaneni... la, nimekosea, ulimi umekuwa mzito. Nasema kaleni pamoja. Kaleni sinia moja hata kama kila mtu anakula upande wake.

Siku ya kunizika pikeni wali wa mchele wa Rehani na maharage yenye nazi nyingi. Nyama msipike, si kwa sababu ni mwiko, ni kwa sababu sitaki mtu ainue kipande juu aseme huyu ni nani. Najua Tomasi ataziba njia ya jeneza alale chini, atasema huyu mnayemzika alishaliwa mwaka jana kwa nazi, mmebeba nini humo? Mwacheni aseme. Ni haki yake ya utani, na mimi nataka watu wacheke kaburini kwangu mpaka shehe ajifiche kwenye kanzu. Rehani, usimpige. Ukicheka wewe wa kwanza, kisa kimekwisha.

Sina deni la mtu ninalolikumbuka. Anayenidai aniambie sasa... hayupo. Vizuri. Nami sina ninayemdai.

Sogeeni. Nipeni vichwa niviguse, sioni sawasawa, huyu nani? Hidaya. Mungu akupe magoti mapya, mama, na moyo ubaki huohuo. Rehani baba. Mungu asikunyime mvua wala wageni. Asia... Mungu akupe wa kukuita kwa heri, na sauti yako iwe salama kwa kila atakayeisikia. Amina. Itikieni, basi, msiniachie peke yangu. Tomasi, wewe ni Mkristo, sema na wewe, haitakuuma.

Nishusheni mto. Mmoja utoe. Hapo.

Miguu nifunikeni... asante.

Mnanyamaza kwa nini? Mwaka mzima nyumba hii imenyamaza, nimeichoka. Rehani, mwambie ile mikarafuu ya juu inachumwa lini, hajui huyo. Mweleze. Na wewe muulize kuhusu nyani. Ongeeni... mimi nafumba macho tu. Ongeeni, nawasikia.